Simu Mpya Baada ya Mnada wa Ufuta? Subiri Kwanza

Vijana wenzangu wa Kibiti, pesa ya ufuta ikiingia tu, cha kwanza kubadilishwa ni simu. Hata mimi niliwahi. Ulipofika wakati wa kupulizia mikorosho, salfa nikakopa.

Msimamo wangu: badilisha pale simu ya zamani inapokupotezea pesa. Uko kwenye mpunga huko delta, chaji haifiki jioni, mnunuzi anapiga hakupati? Hiyo badilisha. Ila kioo chenye ufa ni kazi ya fundi. Na ujumbe wa mbolea ya ruzuku, hata kitochi kinapokea.

Kwa hiyo tenga kwanza mbegu, dawa na palizi ya msimu ujao. Kikibaki, nunua simu, tena yenye betri la kudumu.