Kalipa Haiponi kwa Rangi

Gari linavuta upande mmoja kila ukikanyaga breki, rimu moja ya moto, nyingine baridi. Hapo ndipo ushauri wa kukarabati kalipa za breki unapomiminika. Mfano wangu ni Land Cruiser za mfululizo wa 60 na 80, zile kongwe ambazo bado utazikuta kwenye njia za mbuga kaskazini mwa Tanzania. Kalipa zake za mbele ni za chuma cha kusubu, kila moja ina pistoni 4, mbili zikitazamana na mbili. Chuma chenyewe hakifi upesi. Vinavyokufa ni vitu vidogo vilivyomo ndani, na madai mengi ya gereji yanavisahau hivyo hivyo.

Dai la kwanza: osha kwa petroli, itatakata. Itatakata kweli. Lakini raba za mfumo unaotumia mafuta ya DOT 3 au DOT 4 haziivumilii petroli, dizeli, mafuta ya taa, wala grisi ya kawaida. Zikiguswa hufura na kuibana pistoni. Kama raba zote za zamani zimeshatolewa na zitatupwa, osha chuma kitupu upendavyo, kisha kikaushe na ukisuuze kwa spiriti. Pistoni zikirudi, zipake mafuta mapya ya breki au grisi maalumu ya raba. Na dawa ya kopo ya kusafishia breki, ikiwa ina klorini, isikaribie mashine ya kuchomelea. Mvuke wake ukipata joto na mwanga wa kuchomelea unaweza kutoa fosjini, gesi iliyotumika kuulia watu katika Vita Kuu ya Kwanza.

Dai la pili ndilo linalowatia watu hasara: silinda ikionyesha alama za kutu, kalipa ni ya kutupwa. Anayesema hivi anachanganya kalipa na silinda ya ngoma. Kwenye silinda ya ngoma raba imevaliwa na pistoni, inasugua ukuta. Ukuta ukiliwa, mafuta yanavuja. Kwenye kalipa hizi raba imekaa ndani ya mfereji uliochongwa ukutani, na pistoni ndiyo inayopita katikati yake. Kinachozuia mafuta ni uso wa pistoni. Kwa hiyo vidoa vidogo ukutani, nje ya mfereji, havina neno.

Balaa lipo ndani ya mfereji. Kutu ikijijenga nyuma ya raba, inaisukuma mbele iikabe pistoni. Raba hiyo hiyo ndiyo inayojipinda kidogo unapokanyaga na kuirudisha pistoni unapoachia. Ikibanwa, pistoni hairudi, pedi inabaki imegusa diski, na rimu inawaka. Nimeona watu wakibadilisha seti nzima ya raba, wakaacha ule mfereji na kutu yake, halafu wakalaumu raba za dukani. Mfereji unakwanguliwa taratibu kwa kijiti cha mbao au cha plastiki. Bisibisi na brashi ya waya ya mashine vikae mbali, maana kingo za mfereji zikichubuka ndipo kalipa inapokuwa chuma chakavu kweli.

Wengine husema pistoni yenye vidoa ipigwe msasa tu. Uso wake ni kromu nyembamba. Msasa ukiimaliza, chuma kilicho chini kinabaki uchi, na matope ya masika yatakifanyia kazi. Doa likiwa mahali raba inapopita, nunua pistoni nyingine.

Coca-Cola na siki? Zina asidi na zinakula kutu, polepole. Mimi nisingeziweka ndani ya silinda hata kwa dakika moja. Kwa mabano na pini za pedi, sawa.

Kuhusu rangi, nasikia mambo mawili. Moja, kwamba rangi huzuia joto lisitoke. Utando mwembamba hauna athari ya kuhesabika. Joto kubwa liko kwenye diski. La pili, kwamba rangi ya ekzosi ndiyo bora kwa sababu inastahimili moto. Moto ndiyo, lakini nyingi huhitaji kupashwa joto kali ndipo zikomae, na mafuta ya breki huzibandua. Rangi ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili hudumu zaidi. Ziba silinda, tundu la nipo ya kutolea upepo na tundu la paipu, wala usipake sehemu pedi inapoteleza, la sivyo pedi zitakwama na kazi yote irudi mwanzo.

Kupuliza vumbi la breki kwa kompresa ni haraka, ni kweli. Pedi za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, na vumbi hilo unalivuta wewe. Lowesha, kisha futa kwa kitambaa.

Dai la mwisho: pedali ikiwa laini baada ya kufunga, kalipa mbovu. Kabla ya kuifungua tena, tazama nipo iko wapi. Ya kulia ikifungwa kushoto, nipo hukaa chini na upepo unabaki umenaswa juu, hata ukipampu mchana kutwa. Zibadilishe kalipa pande, nipo ziwe juu, kisha toa upepo upya.