Haba na Haba Peke Yake Haitoshi

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Kenya asiyeijua methali 'Haba na haba hujaza kibaba'. Ataitia katika insha yake, na mwalimu atamtunukia alama. Lakini mwulize kibaba ni nini, naye atababaika. Hajui kuwa ni kipimo cha nafaka, na kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Methali ameikariri, maana yake haijapata kupita mikononi mwake.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mwanauchumi. Hata hivyo, nashikilia kuwa elimu tunayowapa watoto kuhusu fedha imekwama papo hapo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeitaja elimu ya fedha miongoni mwa masuala mtambuko, na katika Hisabati ya madarasa ya chini mtoto hutakiwa kubainisha mahitaji na matakwa. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Ila mtoto anayebainisha vyema daftarini, bila kuwahi kukabidhiwa hata shilingi 50 aamue mwenyewe, amefunzwa msamiati; hajafunzwa kuchagua.

Isitoshe, pesa zenyewe zimetoweka machoni pake. Zamani mtoto aliyetumwa dukani alifumbata noti kiganjani, akahesabu chenji njiani, akaona kilichobaki. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, amezoea kumwona mzazi akibonyeza simu na mkate ukapatikana. Haoni mkoba ukipungua, wala ada inayokatwa. Hata lugha humpumbaza. Mwaka wa 2019 ilizinduliwa huduma ya kukopa kupitia simu, ikaitwa Fuliza. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo pasi na kukoma. Kwa mkopeshaji hilo ni jina tamu. Kwa mkopaji ni onyo, lau angetega sikio.

Hapa ndipo tunapoihitaji methali nyingine ambayo aghalabu huisahau: 'Bandu bandu huisha gogo'. Ile ya kwanza yafunza jinsi mali inavyokusanyika, hii ya pili jinsi inavyoyoyoma. Mtoto anazihitaji zote mbili.

Matokeo ya kufunza moja tu nayaona chuoni. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka wa 1995, huwapa mikopo vijana ambao wengi wao hawajapata kupanga matumizi ya hata wiki moja. Wapo wanaozipokea pesa hizo kana kwamba ni zawadi. Kabla muhula haujafika katikati, wanashinda njaa au wanakosa mihadhara wakitafuta vibarua. Vijana hao si wapumbavu. Waliachiwa uamuzi wao wa kwanza wakiwa wamechelewa, tena kwa pesa za deni.

Yamkini msomaji atauliza: mzazi asiye na kitu atampa mwanawe nini cha kuchagua? Swali hilo ni la haki. Lakini nyumba yenye kidogo ndiyo yenye maamuzi mengi kila uchao. Je, tununue mafuta ya kupikia ya kupimiwa leo, au tudunduize hadi Jumamosi tununue chupa nzima kwa bei nafuu? Na tukidunduiza, tutapikia nini kabla ya Jumamosi? Kumshirikisha mtoto katika hesabu hiyo hakugharimu hata senti, naye atajua kuwa kila kinachonunuliwa kina kingine kilichoachwa.

Mwenye uwezo na ampe mtoto kiasi kidogo kila Jumatatu. Kikiisha Jumanne, asimwongeze hadi Jumatatu nyingine. Mtoto atalia, ndiyo, lakini ni heri alie leo kwa shilingi 50 kuliko kesho kwa karo.

Nanyi walimu wenzangu, siku mtakapofunza 'Haba na haba', leteni darasani kibaba chenyewe, au hata kopo tupu, pamoja na maharagwe. Watoto wakijaze punje kwa punje, kisha wakipunguze vivyo hivyo hadi kibaki kitupu. Wataona wenyewe kwamba mkono uliokijaza ndio huo huo uliokimaliza.