Ukinunua gitaa la besi, pima bega lako kwanza

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila duka la ala za muziki jijini Nairobi, hasa pale yanapotundikwa magitaa ya besi. Mnunuzi huingia, huinua macho ukutani, huona jekundu linalometameta au jeusi lenye pembe kali kama za swara, na moyo wake huwa umekwisha kuamua kabla mkono haujagusa uzi hata mmoja. Gharama ya uamuzi huo haiishii kwenye risiti. Sehemu yake hulipwa baadaye kliniki, na walipaji ni bega, kifundo cha mkono na usingizi.

Huenda msomaji akauliza daktari anatafuta nini kwenye habari za magitaa. Ukweli ni kwamba wapigaji wa besi ni wagonjwa wangu. Karibu kila kanisa mtaani lina bendi yake siku hizi, achilia mbali bendi za kilabuni na za harusi, na kila bendi ina kijana mmoja aliyesimama nyuma kabisa karibu na ngoma, akishikilia wimbo wote usianguke. Kijana huyo huja kwangu akisema ana baridi yabisi. Umri wake miaka 25!

Watu wengi hudhani besi ni gitaa la kawaida lililopungukiwa nyuzi mbili. Sivyo. Kabla ya mwaka 1951 sauti hizo nzito zilitolewa zaidi na besi kubwa ya kusimama, ile inayomzidi mpigaji wake kimo, ambayo huegemea sakafu na kubeba uzito wake yenyewe. Mwaka huo Leo Fender, fundi wa redio wa California, Marekani, akatoa gitaa la besi la umeme liitwalo Precision Bass. Uzito ukahama kutoka sakafuni ukaenda begani. Urefu wa uzi kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja ulikuwa inchi 34, yaani karibu sentimita 86, na kipimo hicho ndicho kinachofuatwa na viwanda vingi mpaka leo. Hakikupimwa kwa mkono wako wala wa binti yako.

Vipimo vingine vipo, ila wauzaji wetu ni nadra kuvitaja kwa sababu mteja haulizi. Yapo magitaa ya inchi 32 na yapo ya inchi 30. Usiyadharau kwa kuyaita ya watoto. Hebu weka kidole cha shahada kwenye freti ya kwanza na kidole cha mwisho kwenye freti ya nne. Kwa gitaa la inchi 34, vyuma hivyo viwili vimeachana kwa karibu sentimita 13. Kwa la inchi 30, vimeachana kwa sentimita 11 na nusu hivi. Utasema sentimita moja na nusu ni kitu gani? Kwa mwenye kiganja kipana si kitu. Kwa mwenye kiganja kidogo ndiyo tofauti kati ya kifundo kilichonyooka na kifundo kilichopindwa kama kulabu, wimbo hadi wimbo, kuanzia sifa hadi sadaka.

Nyuzi nazo zina lao. Kila uzi wa besi ya kawaida umekazwa kwa nguvu ya karibu kilo 20, na vidole ndivyo vinavyoukandamiza. Nyuzi zile zile zikifungwa kwenye gitaa la inchi 30 na kutoa sauti zile zile, mkazo hupungua kwa zaidi ya moja ya tano. Mpigaji wa benga, ambaye besi yake haitulii hata kidogo, huikandamiza mara maelfu kwa usiku mmoja. Afanye hesabu mwenyewe.

Sasa tuingie ndani ya mkono. Pale kiganja kinapokutana na kifundo kuna njia nyembamba, imezungukwa na mifupa upande mmoja na kufunikwa na utepe mgumu upande wa pili. Ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva moja kubwa. Nafasi ni finyu kama kiti cha nyuma cha matatu saa za jioni. Kifundo kikipindwa, nafasi hupungua zaidi. Kano zikivimba kwa kutumiwa kupita kiasi, anayebanwa ni neva, kwa kuwa ndiye laini kuliko wote. Mgonjwa husikia ganzi na vidole kuchomachoma: gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Mara nyingi hali huzidi usiku, akaamka akiukung'uta mkono. Iwapo ganzi iko kwenye kidole cha mwisho, tatizo ni la neva nyingine, ile ipitayo nyuma ya kiwiko, na huenda kiwiko hukaa kimekunjwa mno wakati wa kupiga. Tazama basi jinsi urefu wa shingo ya gitaa unavyoweza kusomwa kwenye vidole vya mtu.

Uzito ni rahisi kueleza. Besi nyingi zina kilo 3 na nusu hadi 4 na nusu, na zipo zinazopita 5. Kilo 4 ni pakiti mbili za unga wa ugali. Zitundike kwenye bega la kushoto kwa mkanda mwembamba, usimame nazo ibada ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha Ijumaa urudi kwenye kesha. Msuli unaotoka shingoni kwenda begani hukaza kama kamba ya kuanikia nguo, kichwa huuma kisogoni, na mgongo huinamia upande mmoja. Mizani ya bafuni inatosha kukujulisha uzito wa gitaa kabla ya kulinunua, lakini sijapata kuona mnunuzi anayeipeleka dukani.

Ila mbaya zaidi kuliko uzito, kwa maoni yangu, ni gitaa lisilotulia. Mengi ya yale yenye umbo la ajabu, yaliyochongwa kama mshale au kama radi, yana pembe ya juu fupi au hayana kabisa. Ukiachia mkono, kichwa cha gitaa huanguka kuelekea sakafuni. Kwa hiyo mkono wa kushoto, badala ya kupiga tu, unalazimika pia kulibeba shingo. Kazi mbili kwa msuli mmoja, na mpigaji wala hajui kwamba anaifanya ya pili. Hujiona tu anachoka mapema kuliko wenzake, akadhani hana kipaji.

Nilimtibu binti mmoja wa miaka 24, karani kwa kazi, mpigaji besi kanisani kwao. Alikuwa amepaka dawa za kuchua za kila rangi na kumeza vidonge kwa miezi mitano. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi kila usiku na asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya blauzi. Nilimwomba aje na gitaa lake. Lilikuwa la nyuzi tano, refu, zito, lenye shingo pana kama ubao wa kukatia mboga, na rangi ya dhahabu iliyofanana na mapazia ya madhabahuni. Nikamuuliza huo uzi wa tano anautumia kwa nyimbo zipi. "Siutumii, daktari," akasema. "Gitaa halikuchaguliwa na mimi. Lilinunuliwa na kamati baada ya harambee." Tulimfunga banzi laini la kuzuia kifundo kisipinde usiku, akapumzika, na baadaye akaazimwa gitaa fupi la nyuzi nne na mkanda mpana. Ganzi ilipungua wiki baada ya wiki. Lile la dhahabu, nasikia, bado linapigwa na kijana mwingine mwenye futi sita, naye halijamdhuru.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani haya ni mambo ya mtu na pesa zake. Wapigaji wetu wengi hawamiliki gitaa wanalopiga. Mwenye gitaa ni kanisa, ni shule, ama ni mwenye bendi. Anayekwenda dukani ni mweka hazina, mtu ambaye hajashika uzi maishani mwake, na kipimo chake ni bei na jinsi chombo kitakavyoonekana mbele ya washirika. Mpigaji huletewa tu na kuambiwa ashukuru. Tungemnunulia mchezaji wa kandanda viatu bila kuuliza anavaa nambari ngapi? Bado tunamnunulia mpigaji mzigo wa kilo 5 bila kumuuliza urefu wa mikono yake, na wasichana ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu aghalabu wana mikono midogo na wamekuta chombo kilichonunuliwa zamani kwa ajili ya kijana aliyekwisha hamia bendi nyingine. Rai yangu kwa kamati hizo ni moja: mpigaji aende dukani, na neno lake lizidi la mweka hazina. Kama wapigaji ni wawili wenye maumbo tofauti, chukueni gitaa litakalomfaa mdogo. Mkubwa ataweza kulipiga; kinyume chake ni kigumu.

Wapo watakaosema mwanamuziki ni mtu wa jukwaani na sura ya chombo ina kazi yake. Sikatai. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi yake yenye umbo la fidla, Höfner, mjini Hamburg mwaka 1961, na amekiri kwamba sura ilichangia: yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, na gitaa lililolingana pande zote halikuonekana kichekesho likigeuzwa. Bei nafuu nayo ilimvutia. Lakini angalia alichopata pamoja na sura hiyo: gitaa fupi, la inchi 30, lenye mwili mtupu ndani na uzito usiofika kilo 3. Wengi wa wanaonunua kwa macho hawana bahati hiyo. Na kwa wale wanaume wanaoona gitaa fupi ni aibu, nawataja Stanley Clarke wa Marekani, mrefu wa kimo na wa vidole, ambaye besi zake mashuhuri za Alembic ni fupi. Kulinyamazisha jukwaa lake hajawahi.

Ukienda dukani, basi, funga macho kidogo. Omba mkanda, muuzaji asipokuwa nao nenda na wako, wenye upana wa sentimita 8 hivi, wa ngozi au kitambaa kisichoteleza. Livae gitaa ukiwa umesimama kisha achia mikono yote miwili. Likitulia palepale, hiyo ni dalili njema. Lipige dakika 20, usiridhike na mbili tu za kumfurahisha muuzaji, na ulipige karibu na kichwa, kwenye freti za mwanzo, mahali mkono unaponyooka zaidi. Nyimbo unazopiga kila wiki ndizo za kujaribia. Kifundo kikikaa karibu kunyooka na gumba likapumzika nyuma ya shingo bila kubana, umekaribia. Upana wa shingo nao utausikia kwa kiganja: baadhi zina milimita 38 pale juu na nyingine zaidi ya 44, na hakuna kitabu kitakachokuambia ipi ni yako. Ukisikia uchovu dukani, usijidanganye kwamba utazoea nyumbani.

Kwa ambaye tayari analo na hana pesa za jingine, si kila kitu kimepotea. Fundi mzuri anaweza kushusha nyuzi zikakaa milimita 2 hadi 2 na nusu hivi juu ya freti ya 12, na kukufungia nyuzi nyembamba zaidi. Pandisha mkanda. Gitaa lililoning'inia magotini hupendeza kwenye picha, lakini hulazimisha kifundo kupinda. Likae usawa ule ule uwapo umeketi na uwapo umesimama. Ketini pia wakati wa mazoezi, hakuna anayewatazama.

Kuhusu vidonge, nitakuwa mkali. Ibuprofeni na diklofenaki hupatikana madukani kwa urahisi kama peremende, na wapigaji huzimeza kabla ya kupanda jukwaani ili wasisikie maumivu. Zikimezwa kiholela kwa miezi, zinaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, na wakati huo wote neva inaendelea kubanwa kimyakimya. Neva iliyobanwa kwa muda mrefu huweza kudhoofisha misuli iliyo chini ya gumba, na misuli hiyo ikisinyaa, hata upasuaji huenda usiirudishe yote. Siyo kila ganzi inatokana na gitaa vilevile. Kisukari, ujauzito na tezi ya shingoni iliyozembea huleta dalili zinazofanana, ndiyo sababu mtu hastahili kujitibu kwa kukisia.

Ganzi ikidumu zaidi ya wiki mbili, ukianza kuangusha vikombe, au ukiamshwa usiku na mkono wako mwenyewe, mwone daktari. Nenda na gitaa lenyewe pamoja na mkanda wake. Wengine hucheka mtu akiingia chumba cha kungojea amebeba gitaa, waache wacheke. Mwambie daktari unapiga saa ngapi kwa wiki, kisha simama mbele yake ulivae kama unavyolivaa Jumapili.