Masaa ya usiku ya muuguzi, nani analipa?

Wamama wenzetu, juma hili tunaacha kidogo mambo ya chakula cha watoto. Tunataka kuzungumza juu ya pesa ya usiku.

Mmoja wetu alifika kuzaa saa nane ya usiku kwenye kituo kimoja cha afya, barabara ya Buta. Muuguzi alikuwa peke yake, na toka asubuhi hakuwa ametoka pale. Mtoto alizaliwa mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini kabla ya kurudi nyumbani mama aliombwa franka za "zamu ya usiku", ambazo hazikuandikwa kwenye bei zilizobandikwa ukutani. Baba ya mtoto aliuza kuku wawili.

Tulikasirika. Kisha tukaenda kumuuliza muuguzi kwa upole, naye akatueleza. Hajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Anaishi kwa sehemu ya pesa tunazolipa sisi wagonjwa. Mvua ikiharibu njia na wagonjwa wakipungua, naye analala njaa kama sisi.

Sheria ya kazi ya 2002 inasema masaa yasipite 45 kwa juma. Yakipita, masaa 6 ya kwanza yanaongezewa asilimia 30, yanayofuata asilimia 60. Mwenye kufanya masaa 60 angelipwa nyongeza kwa masaa 15. Lakini wafanyakazi wa serikali hawamo katika sheria hiyo; wao wana yao ya 2016. Na huyu wetu, asiye na namba, ataenda kudai kwa nani?

Basi masaa yake yanalipwa na mama mwenye uchungu. Hapo hatukubali. Hatumtukani muuguzi, hapana. Mtu aliyekesha anaweza kuchelewa kuona damu inayotoka kupita kiasi, na hilo linatuogopesha kuliko franka.

Tuko na komite yetu ya afya, CODESA. Tutaiuliza mapato yanagawanywa namna gani, na bei ya usiku iandikwe ukutani ao iondolewe. Pia tutaandika barua kwa mganga mkuu wa zone kuomba muuguzi wa pili wa usiku.

Wenye risiti, mzilete Jumamosi. Wasiopewa (ndio wengi) walete tarehe na kiasi walicholipa.