Miraba 81 ya wawili

Mwezi huu tupumzike kidogo na habari za nani kapigiwa simu saa sita usiku na nani kajifanya hajaona meseji. Tuongelee mchezo. Usigeuze ukurasa bwana, nisikilize kwanza, maana mchezo wenyewe unagusa mahali penye kidonda kwa wapenzi wengi.

Unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kiboksi mahali, anasoma namba za pale kwenye kifaa cha GPS, kisha anazitangaza kwenye tovuti. Wewe unazichukua na kwenda kusaka, siku hizi hata kwa simu yako ya mkononi. Ukikipata unaandika jina kwenye kijidaftari kilichomo na kukirudisha palepale. Kama ndani mna vitu na umependa kimoja, chukua, ila acha chenye thamani hiyo au zaidi. Kuingia kwenye eneo la mtu bila ruhusa ni mwiko.

Ulianzia Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Rais Bill Clinton iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia. Kabla ya hapo kifaa kiliweza kukupoteza kwa mita 100 hivi, yaani unatafuta mlango wa duka unaishia mtaa wa pili. Tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani aliweka vitabu, programu za kompyuta, manati, na kopo la maharage. Leo vificho vimepita milioni 3 duniani, na hata huku kwetu Afrika Mashariki vipo.

Sasa tuje kwenye patamu. Kila kificho kina alama mbili. Ya kwanza ni ya kichwa: kukivumbua kunataka akili kiasi gani? Ya pili ni ya miguu: njia ya kukifikia ikoje? Zote zinaanzia 1 hadi 5, na zinapanda kwa nusu nusu. Miguu 1 maana yake hata mwenye kiti cha magurudumu anafika. Miguu 5 ni mambo ya mtumbwi, kamba za kupandia, au kuzamia kabisa. Kichwa 5 ni fumbo linaloweza kukukalisha mezani siku kadhaa hata viatu hujavaa.

Alama 9 za kichwa ukizikutanisha na 9 za miguu, unapata jedwali la miraba 81. Na hapo ndipo ilipozaliwa changamoto inayopendwa sana na wasakaji, maarufu kwa jina la Fizzy: jaza miraba yote. Kuna kiboksi cha kweli kinakungoja mwishoni. Mtu yeyote anaweza kukifikia na kuandika jina kwenye daftari lake, lakini kwenye tovuti hakihesabiki kuwa chako mpaka jedwali lijae.

Umeona ujanja wake? Yupo msakaji mwenye vificho 2,000, vyote vya kuokota chini ya nguzo za taa kwenye maegesho ya magari. Hongera zake, lakini hapa hapiti. Anapita mwenye vichache aliyegusa kila kona: vyepesi, vigumu, vya kuumiza kichwa, vya kuumiza magoti. Na miraba inayosumbua si lazima ile ya 5 kwa 5. Mara nyingi ni ile ya ajabu ajabu, kama kichwa 5 miguu 1, kwa sababu vificho vyake ni adimu. Watu wanasafiri hadi mji mwingine kwa ajili ya mraba mmoja tu.

Haya, wewe na mwenzio mmo wapi humo? Sio siri, wapo wapenzi wenye miaka kibao pamoja na mraba wao ni mmoja. Jumamosi baa ileile, meza ileile, nyama choma ileile, na kila mtu macho kwenye simu yake. Wakiulizwa wanajibu, "Mbona tunatoka kila wiki!" Ni kweli mnatoka. Ila mmewahi kupotea njia pamoja? Mmewahi kukaa na jambo gumu jioni nzima bila mmoja kununa? Hamjui, kwa sababu hamjawahi kujaribu.

Jambo lingine ndilo linalozua ugomvi mtamu. Wapenzi wengi wanaosaka hutumia jina moja la wawili kwenye tovuti. Inapendeza, lakini ina mtego. Kaka anapanda mti, dada kasimama chini ameshika mkoba, mraba unajazwa kwa wote. Kesho dada anafumbua fumbo peke yake, kaka anaangalia mpira, mraba unajazwa kwa wote. Jedwali limejaa, lakini nani ameiva? Kila mmoja bado ni nusu yuleyule aliyeanza.

Ushauri wangu ni huu: nendeni pamoja, lakini kila mtu awe na jina lake na jedwali lake. Mraba mtupu hauna aibu, unakuonyesha tu ni wapi humwachii mwenzio nafasi. Kama yeye anaogopa urefu, usimpandie. Shika kamba, mwambie mguu wa kushoto aweke wapi, na ukae hapo hata kama jua linazama. Kama wewe mafumbo yanakuboa, usimwachie yeye yote. Vuta kiti, uliza maswali ya kijinga, ajifunze kukuvumilia. Kumfanyia mwenzio kila kitu ni rahisi na kunaonekana mapenzi. Kumsubiri afanye mwenyewe ndiko kunakopima.

Na kama mwenzio anakuambia kila mara, "Wewe huwezi, niachie mimi," mwombe akuachie mraba mmoja tu. Atakavyojibu kutakuambia mengi kuliko maua ya Februari.

Kabla hamjatoka: mwambieni mtu mnakoelekea, bebeni maji, simu iwe na chaji. Na msianzie kwenye 5. Anzeni na 1 kwa 1, mcheke kwanza.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane mwezi ujao, na mkinuniana njiani, mjue huo nao ni mraba. Ujazeni.