Karatasi Ikifa, Vipimo Vyake Visizikwe

Mchapaji wa picha za sanaa anapoagiza karatasi aliyoizoea kwa miaka mingi na kujibiwa kwamba haitengenezwi tena, msiba wake huonekana mdogo machoni pa wengine. Karatasi ni karatasi, husema wasiojua. Nyeupe zimejaa madukani. Lakini chukulia mpiga picha aliyewaahidi wanunuzi nakala 25 za picha moja, zote sawa, naye amekwisha kuchapa na kuuza nakala 10 tu. Zile 15 zilizobaki atazichapa juu ya nini? Je, mnunuzi wa nakala ya 11 atakuwa amepata kitu kile kile alichopata mnunuzi wa kwanza?

Tatizo hili lina historia. Mwaka 2004 kampuni ya Ilford ya Uingereza, mtengenezaji mashuhuri wa karatasi za picha za chumba cha giza, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni, ikanusurika kwa kununuliwa na mameneja wake wenyewe. Mwaka 2005 AgfaPhoto ya Ujerumani ilifilisika, na mwezi Juni wa mwaka huo huo Kodak ya Marekani ilitangaza kwamba ingeacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Wengi walihamia kwenye mashine za kompyuta zinyunyizazo wino, wakitumaini kwamba huko wangepata utulivu. Hawakuupata. Desemba 2013 kiwanda cha Ilford kilichokuwa Marly, Uswisi, ambacho kilitengeneza karatasi za mashine hizo, kilifilisika nacho. Jina liliendelea kuuzwa, lakini chini ya wamiliki wapya.

Hapo ndipo penye fundisho la kwanza. Jina la karatasi laweza kuishi ilhali karatasi yenyewe imekufa. Na karatasi yaweza kuendelea kuishi chini ya jina jingine. Aghalabu kiwanda kimoja hutengeneza karatasi ya msingi, cha pili huipaka tabaka la kupokelea wino, na kampuni ya tatu huitia katika boksi na kuipa jina. Kiungo kimoja cha mnyororo huo kikikatika, majina kadhaa huweza kutoweka kwa mara moja. Kwa hiyo anayetafuta mbadala kwa kufuata majina hufuata kivuli.

Yafaa basi kujiuliza karatasi ya zamani ilikuwa ikifanya kazi gani. Karatasi ya sanaa ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni msingi, ambao huwa wa nyuzi za pamba au wa selulosi ya mti iliyosafishwa, na mara nyingi hutiwa kalsiamu kaboneti ili kupambana na asidi. Ya pili ni tabaka jembamba la juu, lenye chembe za silika na vinyweleo vidogo sana, ambalo huuzuia wino usizame ndani. Bila tabaka hilo weusi hugeuka kijivu. Ziko pia karatasi ziitwazo za barita, ambazo chini ya tabaka hilo zina bariamu salfeti, kama zilivyokuwa karatasi za chumba cha giza. Nazo hung'aa kidogo na kutoa weusi mzito zaidi.

Tofauti hiyo ya weusi hupimika. Karatasi nzuri ya pamba isiyong'aa hufikia kipimo cha weusi cha karibu 1.7, yaani hurudisha kiasi cha asilimia 2 ya mwanga unaoiangukia. Karatasi ya barita yaweza kufikia 2.3, ambayo ni nusu ya asilimia moja tu. Weusi wa kwanza hurudisha mwanga mara nne ya ule wa pili. Hakuna ustadi wa mchapaji unaoweza kuliziba pengo hilo, na anayebadili aina moja kwa nyingine amebadili picha.

Weupe nao una hila yake. Karatasi nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha, ambayo matokeo yake yafanana na ya buluu ya dobi. Hata hivyo, buluu hutia rangi, ilhali dawa hii hupokea miale ya urujuanimno isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa samawati. Dirishani karatasi hiyo huonekana nyeupe kama theluji. Nyuma ya kioo kinachozuia miale hiyo hupoteza mng'ao na kuelekea umanjano. Tena dawa yenyewe hudhoofika kwa miaka. Hivyo karatasi mbili zinazofanana leo dukani zaweza kutofautiana ukutani kesho.

Wapo wasemao kwamba jicho na kidole cha fundi vyatosha kuchagua mbadala. Kauli hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa kidole hutambua mikwaruzo na uzito ambao chombo hakiujui. Lakini jicho huzoea upesi, nalo huhukumu chini ya taa moja na kusahau taa nyingine. Wengine hushauri kununua akiba kubwa kabla karatasi haijaisha. Ushauri huo husaidia kwa muda wa kumaliza kazi iliyoanzwa, ila hauna mwisho mwema. Tabaka la juu hufyonza unyevu na gesi za hewani, na katika miji ya joto na mvuke kama Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, akiba isiyofungwa vizuri huharibika kabla ya kutumika.

Njia iliyo bora ni kupima, na vipimo vya awali havihitaji maabara kubwa. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kikipimwa uzito kwa gramu na kuzidishwa mara 100, hupatikana uzito wa mita moja ya mraba. Taa ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti benki, huifichua dawa ya kung'arisha mara moja, kwani karatasi huwaka samawati gizani. Chati ile ile ya rangi ichapwe juu ya karatasi ya zamani na ya mpya, iachwe ikauke siku nzima, kisha ilinganishwe chini ya jua na chini ya taa. Ukanda uliofunikwa nusu na kuwekwa penye jua kwa miezi huonyesha kitakachofifia. Mwenye chombo cha kupimia rangi na aandike tarakimu. Asiye nacho na atunze vipande vyenyewe mahali pa giza na pakavu.

Ama kuhusu udumifu wa msingi, kipo kiwango cha kimataifa, ISO 9706, kilichotolewa mwaka 1994 kwa ajili ya karatasi za nyaraka. Hicho hudai karatasi iwe na pH kati ya 7.5 na 10, na akiba ya alkali inayolingana na kiasi cha asilimia 2 ya kalsiamu kaboneti. Muuzaji anayetangaza kwamba karatasi yake itadumu vizazi na vizazi yapasa aulizwe tarakimu hizo, badala ya kusifiwa kwa maneno yake.

Hata baada ya vipimo vyote, mbadala ulio sawa kabisa haupatikani. Kwa sababu hiyo linabaki suala la uaminifu. Mchapaji abadilishapo karatasi katikati ya nakala alizoziahidi, hana budi kumwambia mnunuzi, na kuandika nyuma ya kila nakala aina ya karatasi, wino na mwaka. Watengenezaji nao wanawajibika: kutoa taarifa mapema kabla ya kusimamisha bidhaa, na kusema waziwazi wanapobadili kiwanda au mchanganyiko huku wakiacha jina lile lile kwenye boksi.

Jambo hili lawahusu zaidi wale wanaoagiza kila kitu kutoka ng'ambo, na Afrika Mashariki ni miongoni mwao. Makumbusho, nyaka za taifa na wachapaji wanaonakili picha za kale hawana sauti katika viwanda vya Ulaya, lakini wana uwezo wa kujua walichokuwa nacho. Inatosha kila mmoja wao awe na daftari moja la vipimo, na sampuli ya kila karatasi iliyowahi kutumika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi itakapokoma tena, na bila shaka itakoma, mwenye daftari ataanza kutafuta akijua anachokitafuta.