Jeep zinapandishwa, barabara inabaki chini

Kila msimu wa mvua ukianza, garaji za Uvira zinapata kazi ile ile: kupandisha motokari. Simama nusu saa kwenye barabara inayotoka mpakani Kavimvira kuelekea katikati ya mji, utaziona. Prado, Hilux, Land Cruiser za zamani, hata RAV4 iliyozaliwa kwa lami ya Japani, zote zimeinuka kama kuku anayevuka dimbwi. Kijana akinunua jeep leo, swali la kwanza kwa fundi si hali ya injini. Anauliza: tunaweza kuipandisha sentimita ngapi?

Siwalaumu. Anayekaa Kavimvira anajua maji yanatoka pande mbili. Milimani inashuka mito, Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira wenyewe, ambayo asubuhi mtoto anaivuka kwa miguu na jioni inabeba mawe makubwa. Aprili 2020 Mulongwe ulipofurika, watu makumi walikufa na maelfu ya familia wakabaki bila nyumba. Upande wa pili kuna ziwa. Mwaka 2024 Tanganyika lilipanda hadi likaingia katika nyumba na barabara za ufuoni, huku kwetu na kule Gatumba kwa jirani zetu wa Burundi. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga karibu na Kalemie, kwa hiyo likijaa halina haraka ya kuondoka. Ongeza potopoto ya barabara ya kitaifa nambari 5, iwe unashuka Makobola na Mboko kuelekea Baraka, iwe unapanda Sange na Luvungi kuelekea Kamanyola. Mtu mwenye motokari ya chini huko anasukuma kuliko anavyoendesha.

Kwa hiyo kupandisha kuna sababu. Ninachopinga ni namna tunavyofanya, na hasa kufanya hivyo kwa motokari zinazobeba abiria wa kulipa, ambao hawajui kilichofungwa chini ya kiti chao.

Tuanze na jambo ambalo mafundi wengi hawamwambii mteja. Ukipandisha motokari kwa resori ndefu zaidi, unainua bodi na shasi. Ponti ya nyuma, lile tumbo la chuma linalogonga mawe katikati ya njia, linabaki pale pale lilipokuwa, kwa sababu linashikwa na magurudumu, si na resori. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile tunayoiona kila siku na nembo za mashirika na ambulansi, ina ponti ngumu mbele na nyuma. Ipandishe unavyotaka, mawe yatagonga ponti ile ile. Kinachoinua ponti ni tairi kubwa, na hapo faida ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Ukitoka tairi ya 265/70 R16 ukaenda 265/75 R16, chini ya ponti unapata kama sentimita 1.3 tu. Umetoa dola zako kwa unene wa kidole.

Basi resori ndefu zinasaidia nini? Zinasaidia tumbo la shasi lisikae juu ya tuta kati ya mifereji miwili ya magurudumu ya kamyoni. Zinasaidia pua isilime ukingo unapotoka mtoni. Na kubwa kuliko yote, zikichaguliwa vizuri zinabeba mzigo bila motokari kukaa chini nyuma kama mbwa. Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipo. Kabla ya kuuliza sentimita, uliza kilo. Resori za kweli zinauzwa kwa uzito: kuna za motokari tupu, za kilo kama 300 za kudumu, na nyingine za mzigo mzito zaidi. Hilux inayotoka Kavimvira na watu tisa, magunia ya mihogo, ndoo za mafuta ya mawese na mbuzi juu haihitaji resori sawa na Prado ya daktari inayokwenda kazini na kurudi. Ukimfungia daktari resori za mzigo, motokari yake itaruka-ruka barabarani, tairi zitaachana na udongo kwenye makorongo, na atapoteza njia kwenye kona akiwa peke yake ndani. Ukiifungia Hilux ya abiria resori laini, itakaa chini siku ya kwanza ya soko.

Amotisa lazima ziende na resori. Ni ajabu ngapi nimeona jeep iliyopandishwa sentimita 8 na amotisa za zamani zilizonyooka hadi mwisho, zinaning'inia kama kamba ya mbuzi iliyofika ukomo. Kila shimo zinavutwa. Mwezi mmoja, mafuta yamemwagika, na motokari inadunda kama mpira.

Sasa njia za mkato, maana huko ndiko vifo viliko. Ya kwanza ni kipande cha chuma kinachowekwa kati ya ponti na lame za nyuma. Kikiwa kimetengenezwa kwa kipimo na kufungwa kwa boliti ndefu mpya, nyuma tu, kinaweza kuvumilika. Lakini nimeona vipande viwili vimebebeshana, vimechomelewa na kijana wa baguette za umeme pembeni ya barabara. Mbele kisiwekwe kamwe, kwa sababu ukikanyaga freni ponti inajaribu kujizungusha na kipande kinakuwa wenzo wa kuing'oa. Njia ya pili ni kuokota lame ya kamyoni iliyokufa na kuiongeza kwenye fungu. Inainua, ndiyo, na inafanya nyuma iwe ngumu kama benchi la kanisa. Ya tatu, kwa Hilux za zamani zenye vyuma vya kujisokota mbele, ni kukaza boliti mpaka pua ipande. Hapo hukuongeza nguvu yoyote. Umekula tu nafasi ya gurudumu kushuka, na rotule zinakwisha kabla ya mvua inayofuata. Kwa RAV4 sina maneno mengi. Haina shasi ya kusimama peke yake, na kardani zake fupi za pembeni hazikutengenezwa kufanya kazi zikiwa zimepinda. Sentimita 3, labda. Zaidi ya hapo unanunua kardani kila msimu.

Kwa nini watu wanaojua kazi hii wanasimama kwenye sentimita 5? Huko Australia, ambako kuna mbuga, mito na Toyota kama zetu, na ambako biashara ya resori hizi imekomaa, katika majimbo mengi ukipita kiasi hicho mara nyingi lazima mhandisi akague na kutoa hati. Si uchoyo wa serikali. Baada ya hapo kila kitu kinaanza kudai sehemu yake: mipira ya freni inavutwa, kardani ndefu inatetemeka, na Land Cruiser yenye ponti ngumu mbele inapoteza ile pembe inayorudisha volani katikati, shofa anabaki anaitafuta barabara kushoto na kulia kama mtu aliyetoka kwenye kasiksi.

Jambo ninalotaka kila mwenye jeep ya abiria alisome mara mbili ni hili la freni. Kwenye Hilux nyingi na Land Cruiser nyingi ambazo hazina ABS, ukiingia chini kwa nyuma utaona fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye ponti hadi kwenye kifaa kidogo kilichofungwa kwenye shasi. Kazi yake ni kupima mzigo. Motokari ikibeba, shasi inashuka karibu na ponti, fimbo inasukuma, na freni za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Motokari ikiwa tupu, shasi iko juu, na nguvu inapunguzwa ili nyuma isiteleze. Sasa wewe umeipandisha sentimita 8 na hukuigusa ile fimbo. Kifaa kinaona shasi iko mbali na ponti, kinaamini siku zote kwamba motokari ni tupu. Umepakia watu tisa na magunia, unateremka Ngomo kutoka Bukavu kuelekea Kamanyola, na freni za mbele zinafanya kazi karibu peke yao, zinachemka kona baada ya kona. Watu watasema freni zimekatika, ni bahati mbaya, ni Mungu. Kumbe dawa ilikuwa kurekebisha fimbo moja, kazi ya saa moja kwa fundi anayeijua.

Ngomo ile ile ndiyo inayoonyesha tatizo la pili. Kila sentimita unayoinua inainua na uzito wote, na sisi juu ya uzito huo tunaongeza keria, na juu ya keria mizigo, na juu ya mizigo watu wawili. Motokari nyembamba iliyo juu haihitaji mwendo mkubwa ili ilale. Sisi wa bonde la Ruzizi hatuhitaji kufundishwa maana ya neno kupinduka. Tarehe 2 Julai 2010, Sange, kamyoni moja la mafuta lililala ubavuni, na watu zaidi ya 230 wakafa kwa moto. Halikuwa jeep, najua. Lakini ni barabara hii hii.

Na taa. Motokari zetu nyingi zinatoka Japani, volani upande wa kulia, na taa zake zimetengenezwa ili mwanga uinuke kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa kwao ndio ukingo wa barabara. Kwetu tunaendesha kulia, kwa hiyo upande wa kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Tayari unampiga machoni. Ukiinua pua bila kushusha taa, mtu wa pikipiki anayekuja kutoka Kiliba usiku haoni tena kitu. Kuna boliti ya kurekebisha nyuma ya kila taa. Haiuzwi, iko tayari kwenye motokari yako.

Turudi kwenye maji, maana ndiyo yaliyotuleta hapa. Wengi wanafikiri jeep ikiwa juu, mto umekwisha. Maji hayaangalii urefu wa resori, yanatafuta pa kuingilia. Yanaingia kwenye mdomo wa hewa wa injini, na maji hayabanwi kama hewa: biele zinapinda, injini imekufa. Yanaingia kwenye ponti iliyopata moto, kwa sababu ikitumbukia kwenye maji baridi inapumua kwa ndani na kuyavuta. Ukifungua mafuta baadaye unayakuta meupe kama chai ya maziwa. Bomba la hewa lililoinuliwa hadi usawa wa paa na mipira ya kupumulia ya ponti iliyovutwa juu vinasaidia kuvuka dimbwi kuliko sentimita 10 za resori. Lakini hata hivyo vyote si ruhusa ya kuingia mtoni. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inaonya raia wake kwamba maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kubeba motokari ndogo, na ya sentimita 60 yanabeba motokari nyingi, jeep zikiwemo. Sentimita 60 ni juu kidogo ya goti la mtu mzima. Mulongwe ukiwa umekasirika, mama, hakuna resori.

Kuna jambo jingine kuhusu maji ya Kavimvira, na hili ni la adabu. Ziwa linapokaa barabarani, nyumba za pembeni zinabaki na kizingiti cha matofali mawili kati ya kitanda na maji. Inapita jeep ndefu, mwenyewe anajisikia, anakanyaga mazuti. Wimbi linaondoka na kuingia kwa watu, linalowesha unga na madaftari ya watoto. Anayeweza kupita kwa sababu ameinuka apite polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Hata kupanda ndani kumekuwa shida. Mama mwenye mimba ya miezi minane, mzee mwenye magoti mabovu, mgonjwa anayepelekwa hospitali: wote wanasukumwa kama magunia ili wafikie kiti. Ngazi ya chuma pembeni ni kazi ndogo sana kwa mchomeleaji yule yule aliyechomelea vipande vya lame. Sijui kwa nini anakumbuka kimoja na kusahau kingine.

Resori na amotisa za kweli, seti nzima, zinagharimu mamia ya dola, na zingine zinapita elfu. Najua shofa anayelipa mwenye motokari kila jioni hana fedha hizo. Basi asipandishe. Abadilishe lame zilizovunjika, aweke amotisa nzima, apunguze magunia mawili juu ya keria, na atafika Baraka, amechelewa lakini amefika. Mwenye motokari ndiye anayeamua, na ndiye anayepaswa kuulizwa, si shofa.

Kuuliza huko kuna watu wake. ACCO, chama cha mashofa, kiko kwenye parkingi zote. Polisi wa barabarani wako kwenye kila kona, na wanajua kuangalia karatasi. Waombwe kuinama mara moja. Kuona vipande viwili vya chuma vilivyobebeshana, mpira wa freni uliovutwa, au fimbo ile ya nyuma inayoning'inia bila kazi hakuhitaji mashine. Kunahitaji tochi na dakika 3. Waanzie parkingi ya Kavimvira, asubuhi, kabla abiria hawajapakiwa, na jeep yenye kasoro ibaki hapo mpaka fundi aje.